UZI: Kusomea sheria ukitokea Machakos, na yale ambayo jukwaani hawakwambii

Kama kawaida ya uzi huu, hatutaji jina la mwanasiasa wala chama. Tunachukua hoja, tunaigeuza, tunaangalia chini yake kuna nini. Ukitaka kumtukana mtu, nenda kwa ukurasa mwingine.

Hoja ya leo inazunguka kwa sura tatu. Ya kwanza: "Nikichaguliwa nitawaletea shule ya sheria hapa hapa Machakos." Ya pili: "Mawakili wamejaa nchi hii, vijana wasomee ufundi." Ya tatu: "Mtihani wa mawakili umewekwa mgumu makusudi ili mtoto wa maskini asipite." Zote hupigiwa makofi. Zote zina ukweli kidogo ndani yake, na ndio maana zinadanganya vizuri.

Na hii si mambo ya kupiga domo tu. Matokeo ya KCSE yakitoka, kuna mzazi kule Mwala, ama Masinga, ama Kathiani, anakaa chini kuhesabu: ng'ombe wawili, kipande cha shamba, pesa za chama. Mtoto ameitwa kusomea sheria. Mzazi huyo akiamua kwa kusikiza hotuba, anaweza kuuza mali halafu mwaka wa tano ajue kwamba safari ilikuwa bado haijafika katikati. Kwa hivyo twende polepole.

Tuanze na ile ahadi ya shule ya sheria.

Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Hapo ndipo kazi za serikali ya kitaifa na za kaunti zimegawanywa. Upande wa elimu, kaunti imepewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya kufunza kazi za nyumbani na vya kulea watoto. Vyuo vikuu viko kwa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo anayewania kiti cha kaunti akikuahidi shule ya sheria, anakuahidi kitu kilicho kwenye meza ya mtu mwingine. Anaweza kuomba, anaweza kutoa ardhi, anaweza kupiga kelele. Kuanzisha, hapana.

Na hata huyo wa kitaifa hawezi kuamka tu na kufungua. Kuna Baraza la Elimu ya Sheria, CLE, ambalo lilipewa meno na Sheria ya Elimu ya Sheria ya 2012. Chuo kinachotaka kufundisha sheria lazima kipate leseni ya CLE, mbali na ule ukaguzi wa kawaida wa vyuo vikuu. Baraza linaangalia maktaba, walimu, madarasa, mtaala. Wasifikirie ni mchezo: mwaka wa 2015 Baraza liliamuru shule ya sheria ya chuo kikuu kimoja cha umma, tena kikubwa, ifungwe. Jambo likaishia kortini. Wanafunzi waliokuwa katikati ya masomo walikuwa wamefanya kosa gani? Hakuna. Lakini ndio waliopoteza usingizi.

Somo hapo ni la mfuko wako: kabla ya kulipa hata shilingi moja, tafuta orodha ya CLE ya vyuo vilivyo na leseni. Na uangalie leseni ni ya kampasi gani, maana chuo kimoja kinaweza kuwa na kampasi nyingi. Leseni pia huwa na tarehe ya kuisha. Kwa mfano Daystar, ambayo kampasi yake kubwa iko Athi River ndani ya kaunti hii yetu, ina shule ya sheria. Chuo Kikuu cha Machakos nacho kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2016. Lakini kuwa chuo kikuu kamili ni jambo moja, leseni ya kufundisha sheria ni jambo lingine, na mtu anayekwambia "si ni chuo kikuu, watafundisha tu" anakupoteza.

Sasa safari yenyewe.

Shahada ya sheria, ile LLB, ni miaka minne. Sheria ya 2012 imetaja masomo 16 ya lazima ambayo kila shule ya sheria lazima ifundishe: sheria ya katiba, mikataba, jinai, ushahidi, mali, familia na urithi, kazi, makampuni, na mengine. Kwa hivyo hakuna chuo kinachoweza kukuambia "sisi tunaruka ushahidi". Ukiona hivyo, kimbia.

Ukimaliza miaka minne unavaa kofia, unapigwa picha, mbuzi anachinjwa. Na hapo ndipo watu wengi hudhani kazi imeisha. Bado! Wewe sasa una shahada ya sheria. Wewe si wakili.

Ili uwe wakili unaenda Kenya School of Law, pale Karen, Nairobi. KSL ilianzishwa 1963, wakati nchi inapata uhuru, na inafundisha kazi yenyewe: kuandika hati, kuendesha kesi ya madai, kuendesha kesi ya jinai, kuuza na kununua ardhi, mirathi, maadili, usimamizi wa ofisi ya wakili, biashara, na namna ya kusimama kortini ukahoji shahidi. Masomo tisa. Halafu miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili mwenye uzoefu. Halafu unaapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lako linaingia kwenye daftari la mawakili. Na kila mwaka lazima uwe na cheti cha kufanyia kazi. Bila hicho cheti, hata wakili wa miaka 20 haruhusiwi kusimamia kesi ya mtu.

Jumla, ukienda mbio bila kukwama popote, ni miaka mitano na nusu. Kwa kweli wengi hufika sita au saba, kwa sababu kuna kusubiri matokeo, kusubiri nafasi, kurudia karatasi, na kutafuta pesa.

Mnakumbuka 2023, ile taarifa ya kijana aliyedaiwa kufanya kazi ya uwakili bila kuwa wakili? Mitandao ilimgeuza shujaa, ati anashinda kesi kuliko wenye vyeti. Nilicheka kidogo, kisha nikafikiria mteja. Kama mtu asiye wakili amekuandikia hati ya shamba, hati yako iko hatarini wewe, si yeye. Chama cha Mawakili, LSK, kina mahali mtandaoni pa kuandika jina la mtu uone kama kweli ni wakili na kama cheti chake cha mwaka huu kiko. Ni dakika mbili.

Kuhusu kuingia. Ili usomee sheria chuo kikuu moja kwa moja baada ya KCSE, gredi ya wastani ni C+ na kuendelea, na uwe na B ya kawaida katika Kiingereza AMA Kiswahili. Nimeandika AMA kwa herufi kubwa kwa sababu kila mwaka kuna mtoto anaambiwa na mwalimu kwamba bila B ya Kiingereza asahau sheria. Kiswahili kinatosha. Lakini hiyo ni alama ya chini kabisa; kwenye KUCCPS ushindani ni mkali na wanaopata sheria kwa vyuo vya umma huwa na alama za juu zaidi ya hapo.

Mvutano mkubwa uko kwa wale walioingia kwa mlango wa pembeni: mtu alipata C, akafanya diploma, akafanya vizuri, akapanda hadi shahada, akamaliza. Akifika KSL anaulizwa gredi ya KCSE. Hapo kumekuwa na kesi juu ya kesi, na hukumu za korti tofauti zimevutana kuhusu namna ya kusoma Jedwali la Pili la Sheria ya KSL ya 2012. Bungeni pia kumeletwa mswada wa kulegeza. Mwanasiasa akisema "tutaondoa hicho kizuizi", muulize: kwa mswada gani, uko hatua gani? Na upande ule mwingine nao una hoja ambayo si ya kudharau: mteja ambaye hajui kuchagua wakili analindwa na nini kama si viwango? Mimi binafsi naona mtu aliyepita diploma na shahada nzima amejibu swali la KCSE tayari. Lakini maoni yangu hayafungui lango la Karen. Kama wewe ni wa njia hiyo, andikia KSL barua ukiwa mwaka wa kwanza, usingoje mwaka wa nne.

Tufike kwa pesa, maana hapa ndipo kelele ni nyingi na hesabu ni kidogo.

Tangu 2023 wanafunzi wapya wa vyuo vya umma wako kwenye mfumo mpya wa ufadhili. Zamani mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya kama shilingi 16,000 kwa mwaka bila kujali kozi, na serikali ikapelekea chuo pesa moja kwa moja. Sasa kila kozi ina bei yake, na pesa inafuata mwanafunzi kwa sehemu tatu: ufadhili usiolipwa, mkopo wa HELB, na sehemu ya familia. Unapangwa kwenye kundi kulingana na hali ya nyumbani. Kwenye mpangilio wa makundi matano uliotangazwa 2024, wa kundi la kwanza anapata ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, familia inalipa 5. Wa kundi la tano anapata ufadhili wa asilimia 30, mkopo 30, na familia inabeba 40.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme kozi ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Nimechukua namba rahisi tu, bei ya chuo chako iangalie mwenyewe. Kundi la kwanza: familia inatoa 10,000, mkopo 50,000. Kundi la tano: familia 80,000, mkopo 60,000. Tofauti ya kupangwa vibaya ni shilingi 70,000 kwa mwaka kutoka mfukoni, na kwa miaka minne ni 280,000. Hiyo si tofauti ya karatasi, hiyo ni shamba.

Na kuna pesa ya matumizi, ambayo watu huisahau kwa sababu inaingia kwa simu ya mtoto: 60,000 kwa mwaka kwa kundi la kwanza, ikishuka hadi 40,000 kwa la tano. Ni mkopo pia. Kwa hivyo yule wa kundi la kwanza, anayeonekana amebebwa na serikali, anamaliza miaka minne akiwa na deni la 200,000 ya karo na 240,000 ya matumizi. Laki nne na arobaini, kabla ya riba. Na kumbuka huyu bado si wakili.

Ukipangwa kundi ambalo halifanani na nyumba yenu, kuna njia ya kukata rufaa mtandaoni. Fanya hivyo mapema, na uwe na karatasi: cheti cha kifo cha mzazi, barua ya chifu, ripoti ya hospitali, chochote cha kweli. Mfumo wenyewe umeshtakiwa. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema ni kinyume cha Katiba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo wakati rufaa inasubiri. Ndio maana utasikia mwanasiasa mmoja anasema "korti ilishatupa huo mfumo" na mwingine anasema "mfumo unaendelea". Kila mmoja ameshika nusu ya habari.

Kitu ambacho hakisemwi kabisa: ukipelekwa na KUCCPS kwa chuo cha binafsi, unaweza kupata mkopo lakini ule ufadhili usiolipwa haupo. Na ukifika KSL, mfumo huo wa makundi haukufuati kule. KSL si chuo kikuu. Ada yake kwa ule mwaka ni karibu laki mbili, ukiongeza nyumba ya kukodi Nairobi, nauli, suti (ndio, suti, huwezi kuingia kwenye zoezi la kortini na sweta ya shule), unaona mwenyewe. Uliza HELB kuhusu mkopo wa wanafunzi wa KSL, unaombwa kando.

Na basari? Hapa ndipo tunachezewa zaidi. Cheki inatolewa uwanjani, picha inapigwa, mtoto anapewa 5,000. Tuwe wakweli, 5,000 si kitu cha kukataa. Ila jua sheria inasimama wapi. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema Sheria ya NG-CDF ya 2015 ni kinyume cha Katiba na ikaweka 30 Juni 2026 kama mwisho wa mfuko huo. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti naye aliziambia kaunti ziache kulipa basari za shule za upili na vyuo bila makubaliano na serikali ya kitaifa, kwa sababu ile ile ya Jedwali la Nne, na hilo pia likapelekwa kortini. Kwa hivyo ukipanga miaka sita ya masomo juu ya basari ya mheshimiwa, umejenga nyumba juu ya mchanga wa Mto Athi.

Sasa lile la mtihani kuwa mgumu makusudi.

Kuna miaka ambapo waliopita masomo yote tisa kwa mara ya kwanza walikuwa wachache kuliko waliorudia. Hilo ni kweli na hakuna anayelipinga. Lakini "makusudi" ni neno kubwa. Mtihani unasimamiwa na CLE, mafunzo yanatolewa na KSL. Ni taasisi mbili, na zimewahi kunyoosheana vidole. Alama zako hazitoki kwa karatasi moja: karatasi ya kuandika ni asilimia 60, kazi za mradi na mtihani wa mdomo zinachukua 40. Wanaoanguka wengi huanguka kwenye karatasi ya kuandika. Na kila karatasi unayorudia unailipia.

Unajua nani anaweza kurudia mara tatu bila wasiwasi? Aliye na mzazi wa kulipa. Nadhani hapo ndipo malalamiko yana mguu wa kusimamia. Mtihani haumuulizi mtu anatoka wapi. Bei ya kuanguka ndiyo inamuuliza. Aliyeanguka karatasi mbili na anatoka Yatta anarudi nyumbani, anatafuta kazi ya kufundisha ama ya M-Pesa, anasema nitarudi mwakani. Wengine hawarudi.

Kuna mtu atasema basi heri asisome, mawakili wamejaa. Tuiangalie hiyo.

Kenya ina zaidi ya mawakili 20,000 kwenye daftari. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na Machakos peke yake watu 1,421,932. Ukigawanya, ni wakili mmoja kwa watu zaidi ya elfu mbili. Halafu toa wale ambao hawaendi kortini, wako benki, wako mashirika, wako serikalini. Halafu toa waliojazana Nairobi. Waliobaki kwa ajili ya mama wa Ndithini mwenye kesi ya mpaka ni wangapi?

Oktoba 2023 matingatinga yaliingia Mavoko, baada ya uamuzi wa korti kuhusu ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Nyumba zilianguka, zingine za ghorofa. Watu walikuwa wamenunua ploti, wana risiti, wana vyeti vya vikundi vya kuuza ardhi. Walichokosa ni hatimiliki halali iliyotoka kwa mwenye ardhi halali. Somo la sheria ya mali huanzia hapo hapo: mtu hawezi kukupa asichokuwa nacho. Wakili mmoja mwaminifu, kutafuta rekodi za ardhi mara moja tu kabla ya kulipa, na familia nyingi zingejua wananunua hewa. Ukiniambia mawakili wamejaa, nitakuuliza siku hiyo walikuwa wapi. Waliojaa ni wale wa kulipwa pesa nyingi mjini. Wa kijijini bado.

Katiba kwenye kifungu cha 50(2)(h) inasema mshtakiwa apewe wakili na serikali, kwa gharama ya serikali, kama bila hivyo kutatokea dhuluma kubwa. Mwaka wa 2016 ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria, na ndani yake vyuo vikuu vyenye kliniki za sheria vinatambuliwa kama watoaji wa huo msaada. Yaani mwanafunzi wa sheria, akisimamiwa, anaweza kumsaidia mtu angali anasoma. Mwanasiasa wa kuchukuliwa kwa uzito ni yule anayezungumzia bajeti ya huduma hiyo. Sijasikia hotuba nyingi za aina hiyo.

Tuingie darasani kidogo, maana wengi hawajui huko ndani hufanyika nini. Watu hudhani ni kukariri vifungu. Nitawapa mfano wa nyumbani.

Mei 2022, Mahakama Kuu hapa Machakos ilitoa uamuzi katika kesi inayojulikana kama Maingi. Wafungwa walikuwa wamelalamika kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamlazimisha hakimu kutoa kifungo cha chini kilichowekwa, bila nafasi ya kuangalia hali ya kesi. Korti ikakubali kwamba kumfunga hakimu mikono kiasi hicho kunakiuka Katiba. Mitandaoni ikawa: "Korti ya Machakos inawafungulia wabakaji." Kwenye mikutano ikawa hivyo hivyo.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili hufundishwa kuuliza maswali manne kabla hajafungua mdomo. Korti iliulizwa nini hasa? Ilijibu nini? Kwa sababu gani? Na je, korti iliyo juu yake imesema nini? Ukiisoma kesi ya Maingi kwa maswali hayo unaona kwamba haikusema mtu aachiliwe. Ilisema hakimu awe na nafasi ya kupima, na kifungo kile kirefu bado anaweza kukitoa kama kesi inastahili. Unaweza kupinga hilo kwa nguvu zote, na kuna sababu nzuri za kupinga, hasa ukimfikiria mtoto aliyedhulumiwa. Lakini pinga kilichosemwa.

Halafu lile swali la nne. Julai 2024 Mahakama ya Juu ikaamua kesi nyingine ya aina hiyo. Ikasema uamuzi maarufu wa Muruatetu wa 2017 ulihusu hukumu ya lazima ya kifo kwa kosa la mauaji peke yake, na haukufuta vifungo vya chini vya makosa ya kingono. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imempunguzia mtu kutoka miaka 20 hadi 15. Mahakama ya Juu ikarudisha 20. Kwa hivyo leo mtu akisimama jukwaani kuahidi "nitabadilisha huo upuuzi wa korti ya Machakos", anapigana na kitu ambacho kilishabadilishwa. Na mwingine akisema "vifungo vya lazima vilifutwa", naye amebaki 2022. Hiyo tabia ya kuuliza "halafu korti ya juu ilisemaje?" ndiyo unayolipia miaka minne. Bahati nzuri hukumu zote ziko bure mtandaoni kwa Kenya Law. Hata wewe usiye mwanafunzi unaweza kuzisoma usiku wa leo.

Kitu cha mwisho ambacho mijadala yetu hukiruka ni lugha. Katiba, kifungu cha 7: Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya mwenendo wa kesi za madai na ile ya jinai zinasema korti za chini zitumie Kiingereza au Kiswahili, lakini Mahakama Kuu ni Kiingereza. Mwanafunzi basi anasoma sheria yote kwa Kiingereza, anafanya mtihani kwa Kiingereza, halafu siku ya kwanza kwa korti ya Kangundo anakutana na mzee anayemwambia kwa Kikamba kwamba jiwe la mpaka lilisogezwa usiku. Mshtakiwa ana haki ya mkalimani bila malipo, kifungu cha 50(2)(m). Lakini wakili anayesikia mwenyewe ni kitu kingine. Mkalimani hutafsiri maneno, hasikii pale mzee aliposita.

Kwa hivyo mtoto wa Machakos anayejua Kikamba na mwenye Kiswahili kizuri asijione mnyonge mbele ya wale wa shule za Nairobi. Ana kitu ambacho ofisi za mawakili za hapa zinakitafuta.

Na hapo nijibu swali ambalo naulizwa sana, la uanagenzi. Ile miezi sita wengi huipigania Nairobi, na ofisi nyingi hazilipi. Zingine hukupa nauli, zingine hata hiyo hakuna. Ukitoka Machakos kila siku kwenda na kurudi, na msongamano wa Mombasa Road unaujua, nauli peke yake inakumaliza. Si lazima iwe Nairobi. Kinachotakiwa ni wakili anayeruhusiwa kuchukua mwanagenzi, mwenye miaka mitano kazini. Machakos mjini kuna Mahakama Kuu, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kuna mahakimu, na mawakili wenye ofisi hatua chache kutoka hapo. Mavoko kuna korti, Kithimani kuna korti, Kangundo pia. Unalala kwenu, unakula kwenu, na kesi za ardhi utaziona nyingi hadi uchoke. Anza kuandika barua za kuomba miezi mitatu kabla, uzipeleke kwa mkono, uvae vizuri, na ubebe nakala ya pili ya kugongwa muhuri.